Springi za Kumrudisha Mama Gulwe

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananishika mkono na kuniuliza mambo mawili kwa pumzi moja: mama yuko wapi, na gari limefanywa nini hata likanyanyua makalio kama panzi? Nimesimulia sokoni, nimesimulia kanisani, na kila mara nikifika Gairo chai ya mtu imeshapoa. Basi nimeona niandike mara moja, kwa utulivu. Na kwa kuwa najua baadhi yenu mnataka kuyatengeneza magari yenu, nitawaeleza na mambo ya fundi kadiri nilivyoyaelewa. Msiogope, si magumu.

Makole

Mama aliletwa kwangu, hapa Makole mjini Dodoma, wakati wa mvua, baada ya kuteleza ukingoni mwa korongo nyuma ya nyumba yake kule Gulwe na kuvunjika nyonga. Alitibiwa, akapona kwa kadiri ya umri wake, akaanza kutembea kwa fimbo. Nikampa chumba chenye dirisha kubwa. Dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani.

Hakulalamika. Ila jioni upepo wa mashariki ukianza kuvuma aliugeuzia uso, kama mtu anayepokea salamu, akasema, "Huu umepita kwetu." Ugali wa sembe aliula kwa adabu, tonge dogo dogo, kama mgeni. Akipita mtu aliyetoka pande za Mpwapwa alimkalisha amweleze nani kalima, nani kazika, korongo limekula upande gani. Siku moja nilimsikia akimjibu jirani aliyemuuliza kama bado anaumwa: "Siumwi, mwanangu. Nimewekwa."

Treni ndiyo ingekuwa njia ya heshima, maana kituo kiko Gulwe penyewe. Lakini mvua ileile ilikuwa imesomba tuta la reli, na treni hazikuwa zikipita. Nikamtia kwenye gari langu hili mnalolijua, ninaloendea kazini Hombolo kila siku. Tuliondoka kimyakimya alfajiri, bila kumwambia mtu, ili tusijaziwe mizigo. Lami ikaisha Mbande. Kuanzia pale kila jiwe lilipita kwenye kiti likaingia nyongani mwake. Aliuma pindo la kanga. Kabla ya kufika Kongwa niligeuza gari.

Baada ya siku ile mama aliacha kuuliza habari za kwao. Watu wa Mpwapwa walipita, wakasalimia, wakaondoka, yeye akabaki na ukuta wake. Hapo ndipo nilipoogopa. Alipokuwa akililia Gulwe nilijua bado yupo. Aliponyamaza, niliona kama anatafuta njia nyingine ya kuondoka.

Nikalipeleka gari kwa fundi Mjelwa, yule mwenye gereji chini ya mwarobaini. Alikandamiza kona moja ya gari kwa mikono miwili, akaachia, gari likapanda na kushuka, likapanda na kushuka, kama kitanda cha chaga zilizolegea.

"Mwalimu," akasema, "shokapu zimekufa, bushi zimekufa, springi zimelala. Hapa hakuna ugonjwa. Hapa ni msiba."

Tuelewane kidogo hapa. Springi ndizo zinazobeba gari. Shokapu, zile pampu zenye mafuta zinazosimama karibu na tairi, hazibebi kitu. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya jiwe kupita. Bushi ni mipira midogo inayozuia vyuma visigombane. Watu wengi huanza na springi kwa sababu zinaonekana. Anzeni na bushi, ndizo rahisi kuliko vyote, kisha shokapu, na springi ziwe mwisho. Na chochote mnachobadilisha, badilisheni pande zote mbili, la sivyo gari litachechemea kama mama yangu.

Dodoma vipuri vya gari langu vilikuwa vya kubahatisha. Magari ya mitumba yameanza kumiminika, enzi hii ya biashara ruksa, lakini spea zake bado zinaishia Dar es Salaam. Nikachukua likizo.

Makole hadi Gairo, pamoja na zabibu

Sikwenda peke yangu. Mama Neema, mkulima wa zabibu wa Hombolo, alisikia nasafiri, akafika na makreti yake hata kabla sijamkaribisha. Yalijaa nyuma, yakajaa kwenye buti, jingine akalipakata.

"Mama Neema, gari ni bovu. Ndiyo maana linakwenda Dar."

"Kwani mgonjwa akipelekwa hospitali habebi chakula?"

Tulikwenda tumbo la gari likilamba lami. Nilikuwa na haraka. Mama Neema hakuwa nayo. Kila penye watu tulisimama ili zabibu zipate hewa, na kila tuliposimama alionjesha watu mpaka nikaanza kuamini hatutafika na kitu. Gairo bushi moja ilikata tamaa kabisa, gari likaanza kugonga kama mtu anayebisha hodi. Tukangoja fundi wa pale amalize kula. Baridi ya Gairo mnaijua. Tulikalishwa kwenye benchi mgahawani, tukaletewa viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya tangawizi.

Mwenye mgahawa aliniuliza safari ya nini. Nikamweleza habari za mama. Akaacha kufuta meza.

"Wa kwangu tulimpeleka Morogoro," akasema. "Tukamnunulia na godoro zuri. Kila siku alikuwa akikunja nguo zake, akizipanga kwenye mfuko."

Sikumuuliza iliishaje. Alituongezea viazi. Fundi akaja, akakata kipande cha tairi kuukuu, akakichonga kwa kisu mpaka kikawa bushi, na kwa bushi ile ya tairi la lori tukafika Dar.

Gerezani

Kama hamjafika mitaa ya Gerezani kule Dar, jaribuni kufikiri duka la nyama, lakini badala ya ng'ombe wametundikwa magari: milango kule, mashine huku, springi zimepangwa ukutani kama mbavu. Mama Neema aliniacha pale na kwenda na makreti yake. Muuzaji aliyenipokea alijiita Massawe.

"Karibu, mama. Mzee bado anapaki gari?"

"Mzee hayupo. Nataka springi, shokapu na bushi za gari hili."

"Ahaa. Mnatokea wapi?"

"Dodoma."

"Wagogo! Zabibu zangu ziko wapi?"

"Zimeshapata mwenyewe."

Akacheka. "Haya. Gari linabeba nini?"

"Linambeba mama yangu."

"Na nini kingine?"

"Mama tu. Nataka springi laini."

Massawe alimtazama mwenzake, mwenzake akanitazama mimi. "Dada yangu, gari litoke mjini Dodoma liende kijijini, ndani bibi mmoja tu? Gari gani hilo, la maharusi?"

Walicheka mtaa mzima. Lakini Massawe alikuwa mtu mwema, akakaa kwenye tairi akanieleza kila kitu. Springi laini alizokuwa nazo zilikuwa za mitumba, zimefupika kwa uzee. Ningeziweka, korongo la kwanza lingepasua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Mpya zenye jina kubwa hazikuwa za mshahara wa mwalimu. Kisha akatoa nyingine nene, zilizotoka kwenye ndugu wa gari langu, lile lenye mkia mrefu la kubebea mizigo. Zingeingia bila kukata wala kuchomelea chuma. Shokapu aliniambia nichukue mpya, hata kama ni za kiwanda nisichokijua. "Shokapu ya mtumba ni yai," akasema. "Ubovu wake utaujua umeshalipasua." Hilo lishikeni.

Nilisita kwenye zile springi nene. Nilizikandamiza kwa kiganja kana kwamba kiganja changu kingejua kitu. Mwisho nilizichukua, kwa sababu tumbo la gari kugonga mawe ndiko kulikomuumiza mama safari ya kwanza. Wakavifunga vipuri kwenye gari palepale kando ya barabara, mimi nimekaa kwenye ndoo, wapita njia wakinishauri. Kila mmoja aliuliza linabeba nini. Nilipojibu, kila mmoja alisema, "Na nini kingine?"

Chalinze, Dumila, Kibaigwa

Gari tupu, springi nene, dereva mwenye furaha. Furaha ilidumu mpaka Kimara. Pale penye viraka gari lilianza kuruka. Si kule kugonga kwa zamani. Sasa lilikuwa linanitupa juu kama mchele kwenye ungo. Chalinze nilisimama nikanunua korosho nisizozitaka, nikazila ndani ya gari huku machozi yananidondoka. Nilikuwa nimemnunulia mama mateso mapya.

Dumila niliketi meza moja na dereva wa lori, mtu mzima mwenye mvi, anakula wali na maharage. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akachungulia dirishani.

"Lile lako?"

"Langu."

"Nimekuwa nyuma yako tangu Morogoro. Linarukaruka kama mwanambuzi. Springi za mzigo hizo."

"Wameniambia ndizo ngumu."

"Ndizo. Sasa lina njaa. Springi ya mzigo bila mzigo ni ubao. Lishibishe, uone."

Sikumwelewa vizuri mpaka Kibaigwa, soko la mahindi. Mfanyabiashara mmoja alinisimamisha akaomba nimpakilie magunia yake mpaka Dodoma. Safari nyingine ningekataa. Tuliyapanga nyuma, gari likakaa, na tulipoondoka nilidhani nimekosea gari. Mashimo yalipita chini yetu kama mawimbi madogo. Yule mfanyabiashara alisinzia, kichwa kwenye kioo, na hakuamka mpaka Ihumwa.

Nami njia nzima nilikuwa nawaza: mama na mzigo. Si mama peke yake. Mama na mzigo.

Makole tena

Nilipomweleza fundi Mjelwa, alijifuta mikono taratibu. "Mwalimu, hivi ni nani aliyekwambia gari linakwenda kwenu tupu?"

Kwetu, nanyi mnajua, gari likielekea kijijini huwa ni la wote. Mtu husikia, huleta. Mimi nilikuwa nimelikimbia jambo hilo, nikidhani namhurumia mama. Safari hii nilimwambia mtu mmoja tu, mama muuza maandazi wa kona ya pili. Kufika jioni uwanja wangu ulikuwa ghala: mafuta ya alizeti, sukari, cherehani, gunia la mbegu, sufuria za harusi ya mtu, mabati ya kufunga juu.

Mama alitoka chumbani kwa fimbo yake. Akalitazama rundo lile.

"Hili bunda la mabati la nani?"

"La watu wa Kongwa, mama. Karibu na kanisa."

"Kanisa lipi? Ni wale wenye mkwaju. Basi hili likae juu, litatangulia kushuka. Na cherehani?"

"La Mpwapwa, kwa mama Yohana."

"Mama Yohana!" Aliketi juu ya gunia la mbegu. "Hebu lisogezeni chini. Huyo ndiye wa mwisho."

Akaanza kuwapanga wapakiaji kama karani wa bandarini, nyumba kwa nyumba, njia nzima, kutoka kichwani. Tangu aje Makole sikuwa nimesikia sauti yake ikifika getini.

Mbande, Kongwa, Mpwapwa

Lami ilipoisha nilishikilia usukani kama nashikilia roho. Mama alikuwa mbele, kiti nimekilaza kidogo. Jiwe la kwanza likapita. La pili. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Kanga ilikuwa begani, haikuwa mdomoni.

"Mbona unakwenda kama umebeba mayai?" akauliza.

Kongwa kwenye mkwaju tulishusha mzigo wa kwanza. Mama hakushuka, ila mlango ulifunguliwa na nyumba nzima ikaja kwake. "Mbukwenyi!" akawaamkia kwa Kigogo, na maneno yakamiminika. Tulipewa maziwa ya mgando, tukakatazwa kuondoka kabla ya kula. Nyumba iliyofuata walitupikia mlenda na ugali wa uwele. Mama alikula mpaka akalamba vidole, akaniambia nione aibu kwa sembe yangu.

Tulichelewa kupita kiasi na sikujali. Lakini ninyi mnaofuatilia hesabu ya springi mmeshaona balaa linalokuja. Kila tuliposhusha mzigo, gari lilikuwa linapata njaa. Baada ya mabati, mtetemo kidogo. Baada ya sukari na sufuria, nilianza kusikia mawe. Na kipande kibaya kuliko vyote, kile cha kutoka Mpwapwa kushuka Gulwe, kilikuwa bado mbele. Nilipendekeza tubaki na gunia la mbegu mpaka mwisho, tulirudishe baadaye.

"La watu," mama akasema. "Shusha."

Tukashusha. Kuingia Mpwapwa mkono wake ulikuwa umeshaanza kutafuta pindo la kanga.

Mpwapwa hadi Gulwe

Mama Yohana alichezwa unyago pamoja na mama, na ni mwanamke mnene, mwenye kicheko cha kuamsha kuku. Alilipokea cherehani lake, akamkumbatia mama dirishani, akalia, akacheka, kisha akaniuliza mbona nimekunja uso.

"Gari likiwa tupu linamuumiza," nikamweleza. "Linataka uzito. Sijui nitapata wapi mawe."

"Uzito?" Alijitazama kutoka juu mpaka chini. "Mwanangu, miaka yote mnanicheka, kumbe Mungu alikuwa na sababu! Fungua mlango."

"Shoga, una kazi zako," mama akasema.

"Kazi gani? Nyie, njooni!" Akawaita wakaza wana wake wawili. "Leo sisi ndio magunia. Kaeni vizuri, msiwe magunia mabaya."

Wakaingia. Gari likashuka, likakaa, likatulia kama ng'ombe anayelala. Tukaondoka kwa nyimbo. Njiani mama alikuwa akionyesha kwa kidole, bila kumwambia mtu yeyote hasa: shamba la fulani, mahali walipokuwa wakichota chumvi, mti uliokuwepo na sasa haupo. Tulipoliona tuta la reli na vilima nyuma yake, wimbo ulikatika wenyewe. Mama akaniomba nisimame. Hakutaka kushuka. Alishusha kioo tu, akanusa.

"Endelea," akasema baadaye.

Nyumbani, wifi yangu alikuwa amefagia uwanja na kulipaka udongo mpya tembe letu, nyumba ya paa la udongo. Mama alishuka kwa miguu yake. Alitangulia hadi mlangoni, akainama akaingia, nasi tukabaki nje, kwa maana hakuna aliyethubutu kumfuata. Kisha akatokeza kichwa, akanitazama mimi, mwanawe niliyezaliwa mle ndani.

"Karibu," akaniambia. "Karibu ndani."

Kurudi

Sitawaficha: nilitengeneza gari lile ili limpeleke na limrudishe. Dawa zake, godoro lake dogo, vyote nilikuwa nimepanga kurudi navyo. Nilimwona akienda korongoni kulitazama, akigombana na wifi juu ya kuku, akiota jua mahali alipopataka mwenyewe. Maneno niliyoyaandaa sikuyatumia.

Siku ya kuondoka nilikuta gari limeshapakiwa. Karanga, maboga, ubuyu, mkungu wa salamu za kila nyumba. Na kwenye kiti cha mbele, kile nilichokilaza, wamekalisha gunia la uwele, limefungwa mkanda.

"Mama, hapo ni pako."

"Napajua. Ndiyo maana sikupaacha wazi, gari lisije likakutupa." Alilipigapiga gunia begani. "Limenizidi uzito kidogo. Ila halina maneno mengi."

"Kule kwangu dirisha lilikuwa baya," nikasema. "Ningekuhamisha chumba."

"Lilikuwa zuri, mwanangu. Mvua zisije zikakukuta Kongwa. Nenda."

Gari lilitulia njia nzima, Mpwapwa, Kongwa, mpaka lami. Nilipofika Makole walikuja wakashusha karanga na maboga, kila mtu akapata chake. Uwele sikuruhusu uguswe. Sijausaga mpaka leo. Asubuhi nakwenda nao Hombolo, jioni narudi nao, na mlinzi wa getini kazini ameanza utani: akifungua geti anainama dirishani na kuliamkia gunia, "Shikamoo, bibi."

Nami namwitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya mama.